Uvimbe wa Tumbo Usiokubali Tiba: Mambo ya Kujua na Maswali ya Kuuliza

Shabaha ya somo

Ndugu mlaji, huduma ya afya inafanana na huduma nyingine zinazoelezwa katika kijitabu hiki kwa kuwa ina mtoaji, ina mpokeaji, ina gharama, na ina haki na wajibu kwa pande zote mbili. Inatofautiana nazo kwa jambo moja zito. Bidhaa mbovu hurudishwa dukani ikabadilishwa, ilhali miezi iliyopotea kwa kutibu ugonjwa usiokuwepo hairudishwi na mtu.

Katika somo hili tunazungumzia uvimbe wa tumbo ulio adimu, ambao hujificha nyuma ya magonjwa yaliyozoeleka katika mkoa wa Mtwara na kando ya Mto Ruvuma. Hatukusudii kumfanya msomaji awe daktari. Tunakusudia aweze, mwisho wa somo, kufanya mambo matatu: kutambua wakati ambapo tiba ya kawaida imeshindwa, kurudi kituoni akiwa na taarifa zinazofaa, na kuuliza maswali yatakayomsaidia mganga kutazama upya.

Kwa nini uvimbe huu hufichika

Mkazi wa Mahurunga, Kitaya, Msimbati au Mikindani anafahamu vyema kwamba tumbo la mtoto huvimba kwa sababu nyingi. Malaria ya mara kwa mara hukuza bandama. Minyoo na utapiamlo hulifanya tumbo lichomoze. Kichocho, kinachoambukizwa katika maji baridi yenye konokono, huleta damu katika mkojo. Kifua kikuu nacho, licha ya jina lake, huweza kushika tumbo na kulijaza maji. Mganga wa zahanati anayeanza kwa kufikiria magonjwa haya anatenda ipasavyo, kwa maana kati ya wagonjwa wengi wanaofika mbele yake, karibu wote watakuwa na mojawapo ya hayo.

Tatizo huzuka pale jibu la kwanza linaporudiwa mara ya pili na ya tatu ilhali uvimbe unaendelea kukua. Hali hiyo hutokana hasa na sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni kwamba kipimo huweza kusema kweli na bado kisieleze ugonjwa wote. Katika eneo lenye malaria nyingi, mtoto aweza kuwa na vimelea vya malaria na uvimbe wa saratani kwa wakati mmoja. Isitoshe, kipimo cha haraka cha malaria huweza kuendelea kuonyesha malaria kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa, kwa kuwa mabaki yake hubaki katika damu. Kwa hiyo neno "malaria imeonekana" halitoshi kueleza donge gumu lililo tumboni.

Sababu ya pili ni mzunguko wa mgonjwa mwenyewe. Leo yupo duka la dawa, wiki ijayo zahanati, kisha kwa mganga wa tiba asili, kisha kituo cha afya cha kata nyingine. Kila mahali huanza upya, na kila mtoa huduma hudhani kuwa yeye ndiye wa kwanza. Hakuna anayeiona historia nzima, isipokuwa mgonjwa na jamaa zake. Hao wasipoisema au kuihifadhi kwa maandishi, historia hiyo hupotea.

Funzo lililotoka Mulago

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye aliwaona watoto wengine wenye uvimbe kama huo, akagundua jambo lililokuwa limewapita wengi: watoto hao waliovimba taya aghalabu walikuwa pia na uvimbe tumboni, katika figo, ini au mifuko ya mayai ya uzazi. Awali kila uvimbe ulihesabiwa kuwa ugonjwa wake, wenye jina lake. Burkitt aliutangaza ugunduzi wake mwaka 1958, na uchunguzi wa tishu katika maabara ulithibitisha kwamba zote zilikuwa saratani moja ya tezi za limfu. Leo inaitwa limfoma ya Burkitt.

Mwaka 1961 Burkitt na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walisafiri kwa gari takribani maili 10,000 kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita Tanganyika na kuuliza katika kila hospitali kama ugonjwa huo ulikuwa ukionekana. Walibaini kuwa uko zaidi katika nchi za joto, mvua na mwinuko mdogo, na kwamba ukanda wake unashuka kando ya pwani ya mashariki hadi Msumbiji. Bonde la Ruvuma limo ndani ya ukanda huo. Mwaka 1964 wanasayansi wa London, wakichunguza sampuli zilizotoka Kampala, waliona virusi ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr. Leo inafahamika kwamba virusi hivyo, vikiungana na malaria ya muda mrefu utotoni, ndivyo vinavyofungua njia kwa saratani hii. Haiambukizwi kwa kumgusa mgonjwa, wala haitokani na kurogwa.

Tunaikumbusha habari hii kwa sababu ina somo kwa mlaji wa leo. Ugonjwa ulifahamika pale mtu mmoja alipomtazama mtoto mzima, kuanzia taya hadi tumbo, na pale tishu zilipopelekwa maabara. Mambo hayo mawili bado ndiyo msingi wa utambuzi.

Mifano minne ya magonjwa yanayofanana

*Bandama iliyokua, au limfoma ya Burkitt?* Bandama ya malaria hukaa upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kwa kawaida hukua polepole kwa miezi. Limfoma ya Burkitt huwapata hasa watoto wa takribani miaka minne hadi tisa, nayo ni miongoni mwa saratani zinazokua haraka kuliko zote zinazompata binadamu. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi huona nguo iliyomtosha mtoto wiki iliyopita haimtoshi tena kiunoni. Dalili nyingine ni taya kuvimba, jicho kutokeza, miguu kukosa nguvu, na meno kulegea. Dalili hiyo ya meno hudharauliwa sana, kwa sababu mtoto wa miaka sita hutarajiwa kung'oka meno. Meno ya utoto hulegea moja moja. Meno kadhaa ya upande mmoja yakilegea pamoja, na ufizi ukiwa umevimba, mtoto apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

*Kichocho, au uvimbe wa figo?* Damu katika mkojo wa mtoto wa shule anayeoga au kuvua katika madimbwi ya bondeni huwa ni kichocho mara nyingi, na dawa yake inafahamika. Lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu anayekojoa damu, au mwenye donge ubavuni, yafaa atazamwe kwa makini zaidi. Katika umri huo kuna saratani ya figo iitwayo uvimbe wa Wilms. Mara nyingi haiumi, na mtoto huendelea kucheza. Wazazi wengi huigundua wakimwogesha au wakimvisha nguo. Donge la namna hiyo lisikandwe, lisichuliwe wala kubonyezwa mara kwa mara, kwa kuwa huweza kupasuka na kusambaza saratani tumboni.

*Kifua kikuu cha tumbo, au saratani ya mfuko wa mayai?* Mwanamke aliyekonda mwili huku tumbo likijaa maji aweza kuwa na ugonjwa wowote kati ya hayo mawili. Picha ya altrasaundi huweza kufanana. Hata kipimo cha damu kiitwacho CA-125, ambacho baadhi ya watu hukiona kuwa kipimo cha saratani, hupanda katika magonjwa yote mawili. Kosa hapa lina pande mbili: mgonjwa wa kifua kikuu aweza kufanyiwa upasuaji mkubwa asiouhitaji, na mgonjwa wa saratani aweza kumeza dawa za kifua kikuu kwa miezi huku saratani ikienea. Kinachotenganisha kwa uhakika ni kuchunguza maji yale na kinyama kidogo kutoka tumboni.

*Kidole tumbo, au uvimbe ndani yake?* Maumivu ya upande wa kulia chini ya kitovu, pamoja na homa na kutapika, mara nyingi ni kidole tumbo, na hutibiwa kwa upasuaji wa haraka. Ni mara chache sana, takribani kidole tumbo kimoja katika kila 100 vinavyokatwa, ambapo ndani yake hukutwa uvimbe ambao mpasuaji hakuuona kwa macho. Kwa sababu hiyo, kiungo chochote kinachoondolewa mwilini hakistahili kutupwa kabla ya kupelekwa maabara ya patholojia. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama kimepelekwa.

Kanuni ya kurudi

Tiba iliyoshindwa ni taarifa muhimu, na taarifa hiyo apelekewe aliyetoa tiba. Tunapendekeza kanuni ifuatayo.

1. Mtoto aliyemaliza dawa mseto ya malaria ya siku tatu na bado ana homa, au tumbo lake limezidi kuvimba, arudishwe kituoni. Asinunuliwe dozi nyingine dukani.
2. Aliyepewa dawa ya kichocho na bado anakojoa damu baada ya wiki chache arudi kupimwa. Mtoto mwenye donge tumboni asisubiri wiki hizo.
3. Aliyetibiwa "vidonda vya tumbo" na bado anakonda, anapungukiwa damu au anatoa choo cheusi kama lami aombe uchunguzi zaidi.
4. Ugonjwa ule ule ukitibiwa mara mbili bila nafuu, usitibiwe mara ya tatu kwa dawa ile ile kabla ya kufanyika kipimo kipya au kutolewa rufaa.

Dalili zifuatazo hazisubiri kanuni yoyote. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo: donge gumu tumboni kwa mtoto wa umri wowote, tumbo linalokua kwa siku chache, taya au jicho kuvimba, miguu kupooza, kushindwa kukojoa, au tumbo kuwa gumu lenye maumivu makali pamoja na kutapika.

Ngazi za uchunguzi

Kipimo cha kwanza cha maana kwa donge la tumbo ni mikono ya mganga. Mgonjwa alazwe kitandani, nguo zifunuliwe, tumbo lote lishikwe. Ikiwa umepewa dawa za uvimbe wa tumbo bila tumbo kuguswa, una haki ya kuomba liguswe.

Kipimo cha pili ni altrasaundi. Hakina maumivu wala mionzi yenye madhara, na huonyesha uvimbe uko katika kiungo gani, ukubwa wake, na kama ni maji au nyama. Aghalabu hakitaji jina la ugonjwa. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, Hospitali ya Ndanda na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyopo Mitengo ndizo ngazi za juu zilizo karibu kwa wakazi wa mkoa huu, na kila moja hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka vituo vya chini.

Kipimo cha tatu ni kuchukua kinyama, au kuvuta seli kwa sindano nyembamba, na kuzitazama kwa hadubini. Wapo wanaoamini kwamba uvimbe ukiguswa kwa chuma husambaa, hivyo hukimbia hospitali katika hatua hii. Hofu hiyo imewagharimu wengi. Bila kinyama, saratani nyingi haziwezi kutajwa kwa jina wala kupangiwa dawa inayostahili. Kwa baadhi ya uvimbe, kama ule wa figo ya mtoto, wataalamu huweza kuamua kuanza tiba kwa kutegemea picha na vipimo vingine. Uamuzi huo ni wao, nao wanapaswa kukueleza sababu yake.

Sampuli mara nyingi husafirishwa hadi maabara kubwa zaidi, na hapo ndipo majibu mengi hupotelea. Kabla ya kuondoka, andika tarehe iliyochukuliwa, namba yake, maabara inakopelekwa, siku ya kufuata jibu, na jina la idara itakayolipokea. Siku hiyo ikifika, fuatilia. Kutoitwa hakumaanishi kwamba jibu ni jema.

Maswali ya kumwuliza mganga

Si utovu wa adabu kumwuliza mtaalamu. Swali lililoulizwa kwa heshima humsaidia naye. Unaweza kusema hivi: "Daktari, mwanangu amemaliza dawa ya malaria mara mbili, na tumbo limeendelea kukua tangu mwezi uliopita. Naomba kufahamu haya:

— Je, malaria peke yake inaeleza donge hili?
— Uvimbe huu uko katika kiungo gani?
— Ni ugonjwa gani mwingine unaoweza kufanana na huu, na ni kipimo gani kitautenganisha?
— Kama kipimo hicho hakipo hapa, kipo wapi, na utatuandikia rufaa?
— Nirudi baada ya siku ngapi, na ni dalili gani ikitokea nirudi kabla ya hapo?"

Nenda na daftari moja la mgonjwa. Liwe na majina ya dawa zote alizotumia, zikiwemo za miti shamba, tarehe zake, na majibu yote ya vipimo. Pima mzunguko wa tumbo kwa kamba usawa wa kitovu kila baada ya siku mbili, ukafunge fundo penye mwisho. Kamba hiyo humweleza daktari mengi kuliko maneno "linakua sana".

Gharama, safari na msimu

Tunatambua kwamba wengi wetu huku kusini hupata fedha msimu wa korosho, kuanzia Oktoba, na kwamba safari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 500. Familia nyingi huamua kusubiri minada ndipo zisafiri. Kwa ugonjwa unaoongezeka maradufu kwa siku mbili, kusubiri mwezi mmoja kwaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya kupona na kutopona. Limfoma ya Burkitt na uvimbe wa Wilms ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri zikiwahiwa. Ya kwanza hutibiwa kwa dawa za mishipa bila kuhitaji upasuaji mkubwa. Ya pili kwa dawa pamoja na upasuaji.

Kwa hiyo fahamu haki zifuatazo. Watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sera ya Serikali, hawatozwi katika vituo vya umma. Asiyeweza kulipa aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, ambaye kazi yake ni kupokea maombi ya msamaha. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, watoto wenye saratani wamekuwa wakitibiwa pasipo malipo kwa ushirikiano na taasisi ya Tumaini la Maisha. Watu wazima wenye saratani hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road au hospitali nyingine zenye huduma hiyo. Omba barua ya rufaa iliyoandikwa na kugongwa mhuri, kwa sababu ndiyo ufunguo wa milango hiyo. Kwa ushauri wa afya bila malipo ya simu, Wizara ya Afya ina namba 199.

Tahadhari kuhusu matangazo

Mlaji mwenye hofu ni windo jepesi. Jihadhari na anayetangaza dawa moja inayoyeyusha kila uvimbe, anayetaja ugonjwa bila kukupima, au anayekukataza kwenda hospitali. Tiba asili inatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na mtoa huduma anapaswa kusajiliwa na Baraza lake. Mwombe akuonyeshe cheti. Kumchanja mtoto chale juu ya bandama hakupunguzi uvimbe, na huweza kuleta maambukizi. Ukiwa umetumia dawa za asili, mwambie daktari bila aibu, kwa kuwa baadhi huathiri ini na figo, na tiba ya saratani inategemea viungo hivyo viwe na nguvu.

Maswali ya kujipima

Yafaa maswali haya yajadiliwe nyumbani, katika vikundi, au pamoja na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.

1. Mtoto wa miaka sita amelegea meno matatu ya upande mmoja, na tumbo limekua ndani ya wiki moja. Kipimo cha malaria kinaonyesha anayo. Je, familia iridhike na dawa ya malaria peke yake? Toa sababu mbili.
2. Kwa nini donge lililo ubavuni mwa mtoto mdogo halipaswi kuchuliwa?
3. Shangazi yako amekatwa kidole tumbo na ameruhusiwa kurudi nyumbani. Ni swali gani moja lafaa aulize kabla ya kuondoka?
4. Orodhesha mambo matano ya kuandika pale sampuli ya kinyama inapochukuliwa.
5. Je, katika nyumba yenu lipo daftari la matibabu la kila mtoto? Kama halipo, amueni leo nani atalianzisha na litawekwa wapi.